Kapu la mzazi: kipi hufika kwenye maziwa, kipi huishia kwa mama

Mzazi, yaani mama aliyejifungua karibuni, ana rafu yake sokoni. Iwe Kariakoo, Darajani au Kongowea, utakuta pakiti za unga wa lishe zenye picha ya mama na mtoto, uwatu uliosagwa, pilipili manga na tangawizi ya kupikia uji. Pembeni, bila picha wala maneno, wamekaa dagaa, mayai na chumvi. Pakiti imeandikwa "huongeza maziwa". Chumvi haina cha kujisifia. Tumevipima vitu hivi kwa swali moja, na ndilo swali ambalo wifi, mama mkwe au baba mtoto angepaswa kwenda nalo sokoni: mama akila hiki, kinafika kwenye maziwa ya mtoto, kinabaki mwilini mwa mama, au hakimfaidii yeyote?

Kabla ya kuanza, kuna jambo la kusemwa waziwazi, kwa sababu wapo akina mama walioacha kunyonyesha baada ya kuambiwa maziwa yao ni mepesi. Maziwa ya kila mama hutoka mepesi mtoto anapoanza kunyonya na huzidi kuwa mazito kadiri ziwa linavyoishia, kwa sababu mafuta huja mwishoni. Mama anayekula kwa shida bado hutoa maziwa yenye sukari, protini na nguvu karibu sawa na ya mama mwenye friji iliyojaa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya tu hupata takriban mililita 750 kwa siku, na hakuna kopo la dukani linaloyazidi maziwa hayo. Chakula cha mama hakiamui kama anyonyeshe. Kinabadilisha sehemu fulani tu ya maziwa, na sehemu hiyo ndiyo tunayoifuatilia hapa.

Mwili wa mama una vitu unavyovilinda na vitu unavyoviacha vifuate sahani. Vinavyolindwa ni kalsiamu, chuma, zinki, shaba na foleti, pamoja na laktosi, ambayo ndiyo sukari ya maziwa. Mama akikosa kalsiamu, mwili huichota kwenye mifupa yake na kuipeleka kwenye maziwa, kisha huirudisha baada ya mtoto kuachishwa. Chuma kwenye maziwa ni kidogo kwa kila mama, karibu miligramu 0.3 kwa lita, ale maini au asile. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba yake. Vinavyofuata sahani ni vitamini B1, B2, B6 na B12, vitamini A na D, kolini (kirutubisho kilichomo kwenye mayai), madini joto (ayodini), seleniamu, na aina ya mafuta. Mama akikosa hivi, mtoto naye hukosa, hata kama maziwa yanatiririka.

Sasa soma tena pakiti. Nyingi hujisifu kwa chuma, kalsiamu na protini, yaani vile ambavyo maziwa yangekuwa navyo hata bila pakiti. Vinamfaa mama mwenyewe, na mama naye anastahili kulishwa, lakini si sababu ya kuandika "huboresha maziwa".

Unga wa lishe

Tuukalie zaidi, kwa kuwa ndio unaokula fedha nyingi kuliko vyote. Mchanganyiko wa kawaida ni mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, pengine na ngano au mbegu za maboga. Kikombe kikubwa cha uji hutumia gramu 60 hivi za unga kwa mililita 600 za maji. Hapo mama anapata takriban kilokalori 230 na protini ya gramu 8 au 9. Vijiko 2 vya chai vya sukari vinaongeza kilokalori 40. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya kilokalori 500 hivi kwa siku katika miezi 6 ya kwanza, na aliyekonda anahitaji hadi 675. Vikombe viwili kwa siku, basi, vinaifikia nyongeza hiyo, na kwa mzazi anayeamka mara 4 usiku, kitu cha moto kinachonyweka bila kutafunwa ni msaada wa kweli. Hilo tunaupa unga alama zake zote.

Kwa upande wa maziwa, hesabu ni nyingine. Unga wa nafaka na mikunde mitupu hauna B12 kabisa. Hauna mafuta ya samaki. Madini joto ni kama hakuna. Vitamini A haipo, isipokuwa imeongezwa kiwandani. Kinachofika kwenye maziwa hasa ni vitamini B1, ambayo hukaa kwenye kiini na pumba za nafaka na kwenye karanga na soya: gramu 60 za unga usiokobolewa zinaweza kutoa kama moja ya tano ya mahitaji ya siku. Inasikitisha kuona watengenezaji wakikoboa mahindi na mtama kabla ya kusaga ili uji utoke mweupe. Kile kidogo ambacho unga ungempa mtoto kinabaki mashineni pamoja na pumba, na mteja analipia zaidi.

Kosa linalotutia hofu kuliko yote ni sumukuvu. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshikwa sana na ukungu unaotoa sumu hiyo, hasa yakivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mama akila sumu hiyo, mwili wake huigeuza na sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Utafiti uliofanyika Rombo, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2014 uliikuta kwenye kila sampuli ya maziwa ya mama iliyopimwa. Kuchemsha uji hakuiondoi, kwa kuwa inavumilia moto wa jikoni. Karanga nzima unaweza kuichagua kwa macho. Ikishasagwa pamoja na nafaka, iliyooza na nzima zote zina rangi moja. Ndiyo maana hatupendekezi unga wowote uliosagwa pamoja na karanga, hata uwe na nembo nzuri kiasi gani, labda kama mtengenezaji anaonyesha cheti cha kupimwa sumukuvu cha shehena hiyohiyo.

Karanga iliyosagwa ina ubaya mwingine. Mafuta yake hukutana na hewa na kuanza kuchacha. Fungua pakiti, chota kijiko, sugua unga kati ya vidole mpaka upate joto, kisha nusa. Unga mzuri unanukia nafaka iliyokaangwa. Ukisikia harufu ya rangi ya mafuta au ya kikaango cha jana, umechacha. Onja kidogo pia: uchungu unaobaki nyuma ya ulimi ni dalili ileile. Kisha harufu ya maharage mabichi inakwambia soya ilisagwa bila kuchemshwa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na uji wa dakika 5 haukimalizi. Mama anaishia na gesi na tumbo kujaa, halafu analaumiwa kwamba "hawezi vyakula vya uzazi". Soya hutiwa kwenye maji yanayochemka, ikachemka dakika 30, ikatolewa maganda, ikaanikwa hadi ikakauka kabisa, ndipo ikakaangwa kidogo na kusagwa.

Pakiti za "nafaka 8" au "nafaka 12" hazina faida ya ziada. Nafaka zote hufanya kazi moja, na kuongeza ya tisa ni kama kuongeza mchezaji wa tisa kwenye nafasi ileile. Kadiri nafaka zinavyokuwa nyingi ndivyo inavyokuwa vigumu kujua ipi imeharibika.

Kama unga lazima uwepo, utengeneze nyumbani kwa vitu vichache. Nunua ulezi au mahindi yasiyokobolewa, usage kiasi cha wiki 3 tu, uweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na joto. Karanga zikae peke yake. Zichague mchana kweupe: tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka na zenye vumbi la kijani au la njano. Usiwape kuku hizo ulizotupa, maana sumu huwadhuru na wao. Kaanga nzima zilizobaki, zisage kidogokidogo. Kwa kikombe kimoja, koroga gramu 45 za unga kwenye maji ya baridi ili usipate mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uive kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Mwishoni tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa na mililita 200 za maziwa ya ng'ombe, viache vichemke pamoja dakika 2. Maziwa hayo yanaleta B2 na karibu theluthi ya B12 ya siku. Kikombe hiki kinafika kwenye titi kuliko pakiti yoyote tuliyoichambua kwa orodha yake ya viambato.

Uwatu, pilipili manga na ndugu zake

Uwatu unauzwa kama dawa ya kuongeza maziwa tangu enzi za bibi zetu wa pwani. Ushahidi wa kwamba unaongeza maziwa ni dhaifu, na hakuna sababu ya kuamini kwamba unabadilisha virutubisho vilivyomo. Wanawake wengi wanautumia bila shida, lakini una mambo yake: huteremsha sukari ya damu, huweza kuharisha mama na kumjaza mtoto gesi, na huongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Mwenye kisukari anayetumia dawa, na mwenye mzio wa karanga au dengu, asiuguse bila kuuliza kliniki. Jasho na mkojo wa mama vikianza kunukia utamu wa sukari iliyoungua, usishtuke, ni uwatu.

Uji wa pilipili manga tunaupenda kwa sababu nyingine kabisa: mzazi anakunywa kitu cha moto, chenye maji na nguvu, na anapikiwa na mtu mwingine. Viungo hubadilisha ladha ya maziwa kwa saa chache, na hilo halina madhara. Vivyo hivyo mtori wa Kilimanjaro, ambao una ubora zaidi kwa kuwa nyama imo ndani. Kinachoongeza wingi wa maziwa ni ziwa kumalizwa na mtoto mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Maziwa yakibaki ndani, ziwa hupunguza kazi, hata mama akinywa ndoo ya uji.

Dagaa na samaki wadogo

Hapa ndipo fedha ya kapu inapofanya kazi. Mafuta ya maziwa hufuata mafuta ya sahani kwa haraka: alichokula mama mchana huanza kuonekana kwenye maziwa ndani ya saa 6. Mafuta muhimu kwa ubongo na macho ya mtoto, yale ya omega-3 yanayoitwa DHA, yanatoka hasa kwa samaki. Wastani wa dunia ni karibu asilimia 0.3 ya mafuta yote ya maziwa. Watafiti walipopima maziwa ya akina mama wa Doromoni, kando ya Ziwa Kitangiri nchini Tanzania, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, walikuta DHA iliyo juu sana kuliko wastani huo. Wanawake hao hawakuwa na vidonge vya mafuta ya samaki. Walikuwa na samaki wa ziwa lao, na waliwala mara kwa mara.

Dagaa mkavu ana pia B12, seleniamu, na kalsiamu ya mifupa yake inayomrudishia mama kile mwili ulichochota. Kwa hiyo analisha pande zote mbili. Lakini dagaa anaharibika kwa njia ambazo muuzaji hatakwambia. Aliyeanikwa chini kwenye mchanga huja na mchanga tumboni, na aliyekaa juani siku nyingi mafuta yake yamechacha, maana omega-3 ndiyo ya kwanza kuharibiwa na jua na hewa. Mtazame kwa karibu: mzuri anang'aa fedha, mkia haujakatika, tumbo halijapasuka, na ukimvunja anatoa sauti kavu. Aliyegeuka njano au kahawia kama majani makavu, anayenata mkononi na kunuka mafuta makali, amekwisha, hata kama bei yake ni nusu.

Kumwandaa: chambua uchafu lakini usitupe vichwa vyote, vina madini. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu mara 3, ukimnyanyua kwa mikono badala ya kumwaga maji juu yake, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Usimchemshe dakika 20 na kumwaga maji, maana vitamini B zinakwenda na maji hayo. Mkaushe kwa chumvi na mafuta kidogo, kisha umwunge kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Gramu 30 za mkavu, yaani kiganja kimoja kilichojaa, zinatosha kwa mlo mmoja. Mara 3 au 4 kwa wiki ni kiwango kizuri.

Akipatikana samaki mbichi wa bahari wa bei ndogo, kama vibua au saladini, yeye ni bora kuliko dagaa mkavu, kwa sababu mafuta yake hayajaona jua. Milo 2 kwa wiki ya gramu 150 hivi. Apikwe mchuzi, apakwe nazi au achomwe. Ukimzamisha kwenye karai la mafuta yanayochemka, mafuta yake mazuri hupungua na nafasi yake huchukuliwa na mafuta ya karai.

Tahadhari moja kwa watu wa pwani: papa, nduaro na jodari mkubwa hula samaki wengine kwa miaka mingi, na zebaki hujikusanya mwilini mwao. Zebaki hupita kwenye maziwa. Mzazi apewe samaki wadogo, na papa mkavu wa nazi asubiri.

Chumvi

Pakiti ya bei ndogo kuliko zote kwenye kapu, na ndiyo yenye madai ya kweli kuliko zote. Mama anayenyonyesha anahitaji maikrogramu 250 za madini joto kwa siku, na mtoto mchanga anahitaji 90, ambazo zote zinatoka kwa mama. Yakikosekana, tezi la shingoni la mtoto halifanyi kazi yake sawasawa katika miezi ambayo ubongo unakua kwa kasi.

Wengi hudhani kuishi kando ya bahari kunatosha. Sivyo. Watoto wa shule wa Unguja na Pemba walipochunguzwa walikutwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi hilo la shingoni, na upungufu wa madini joto, wakiwa katikati ya Bahari ya Hindi, kwa sababu chumvi waliyokula haikuwa imeongezwa madini hayo. Maji ya bahari yakikauka kwenye majaruba, chumvi inayobaki ina madini joto kidogo mno.

Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo humpa mama maikrogramu 150 kwa kijiko kimoja cha chai cha gramu 5, ambacho pia ndicho kikomo cha chumvi kwa siku. Kinachobaki kijazwe na samaki wa bahari, mayai na maziwa, asiongeze chumvi. Nunua pakiti iliyofungwa, iliyoandikwa kwamba ina madini joto na yenye tarehe. Epuka ya kupimwa kwenye gunia lililo wazi. Wako wanaonunua chumvi ya mawe na kuiosha ili iwe safi: madini yaliyoongezwa yamekaa juu ya chembe, kwa hiyo wanayamwaga na maji. Ukifika nyumbani, ihamishie kwenye kopo lenye mfuniko, uiweke mbali na jiko, na uitie kwenye chungu mwishoni.

Mambo mawili huharibu kazi ya chumvi nzuri. Moshi wa sigara hupunguza madini joto yanayoingia kwenye maziwa. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo mwili ukiivunja inaleta kitu chenye madhara hayohayo.

Wali mweupe na B1

Mchele si bidhaa ya rafu ya mzazi, lakini ndio unaojaza sahani yake, na mahali unapoliwa karibu peke yake madhara ya kukosa B1 huonekana. Mwaka 2004 kisiwa cha Mayotte, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, kilipata mlipuko wa beriberi, yaani ugonjwa wa kukosa B1, kwa watoto wachanga. Akina mama walikuwa wananyonyesha vizuri, na watoto walikuwa wanakua. Ugonjwa huu huja kwa mtoto wa miezi michache anayeonekana mzima: anakataa ziwa, anatapika, sauti ya kulia inakauka mpaka analia bila kusikika, kisha moyo unashindwa. Sauti iliyokauka kwa mtoto wa mama anayekula wali mtupu au sembe tupu ni sababu ya kwenda hospitali saa ileile. Sindano ya B1 ikiwahi, mtoto hurudi kwa namna inayoshangaza.

Kinga yake ni chakula cha kila siku. Dona badala ya sembe. Wali uliwe na choroko, kunde au maharage, kikombe kimoja cha mkunde uliopikwa kwa siku. Mchele ulioshwa mara 5 mpaka maji yawe meupe kama ya kunywa umeoshwa na B1 pia. Mara 1 au 2 inatosha kama umeuchagua mawe. Mama anayetafuna tambuu yenye popoo aiweke kando kwa muda huu, kwa kuwa popoo huharibu B1. Habari njema ni kwamba B1 ya maziwa hupanda ndani ya siku chache mama akianza kula vizuri.

Mayai, maini na mafuta

Haya tuyapite haraka, yanajieleza. Yai moja lina kolini ya miligramu 147 hivi, na mama anahitaji 550 kwa siku. Mayai mawili ni nusu ya kazi, pamoja na B12 kidogo. Maini ya ng'ombe yana vitamini A na B12 nyingi kiasi kwamba kipande cha gramu 60 mara moja kwa wiki kinatosha. Asile kila siku, maana vitamini A hujaa mwilini na ikizidi inadhuru.

Mawese mekundu ya Kigoma tunayapa nafasi ya juu. Utafiti uliofanyika vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2001 uliwapa akina mama mawese, na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ikapanda kwenye maziwa yao. Kijiko 1 hadi 2 vya chakula kwa siku, juu ya kisamvu au maharage. Usiyachemshe mpaka yatoe moshi na kuwa meupe kama wengine wanavyopenda: wekundu huo ndio karotini yenyewe. Mafuta ya alizeti yaliyoongezwa vitamini A yanafaa pia kama chupa haikukaa juani mbele ya duka. Tui la nazi lina ladha na nguvu, ila haliwezi kuchukua nafasi ya samaki.

Vidonge

Vile vya chuma na foleti vinavyotolewa kliniki, miligramu 60 za chuma, havibadilishi chuma cha maziwa. Mama avimeze hivyohivyo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua kama kliniki inavyoelekeza, kwa sababu yeye amepoteza damu, na asivimeze na chai ya rangi. Aache saa 1 au 2 katikati. Vile vya virutubisho 15 ni jambo jingine. Vina B1, B2, B12, vitamini A na maikrogramu 150 za madini joto, yaani vilevile vinavyofuata sahani kuelekea kwenye maziwa. Zahanati yenu ikiwa navyo, viombwe.

Mama asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa imani au kwa kukosa uwezo, ndiye tunayemwombea uangalizi wa kwanza. B12 haipo kwenye mboga yoyote ya majani, na mtoto anaweza kuanza vizuri, akacheka na kukaza shingo, kisha kati ya mwezi wa 4 na wa 10 akaanza kurudi nyuma: anapauka, analegea, hatabasamu tena, anaacha kushika vitu alivyokuwa akishika. Ukiona hivyo, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke mtoto na mama yake pamoja, na mweleze daktari wazi mama anakula nini na hali nini, ili wote wawili wapimwe B12.